Masalia ya samaki kuwa mbolea ya maji ya kuoteshea mbegu: vipimo sahihi ni vipi?

Mpanda Trei (swali)

Wakuu, salaam kwenu.

Naomba ufafanuzi kwa wanaoifahamu vizuri mbolea ya maji ya samaki. Masalia yapo, kama kilo 10 kwa mkupuo: vichwa, matumbo, matamvua, magamba na miiba iliyobaki na nyama. Ni samaki wa maji baridi, wabichi, hawajatiwa chumvi. Mbegu zinazosiwa ni nyanya, pilipili hoho na kabichi kwenye trei za vumbi la makumbi ya nazi, na kunde ambazo zinakwenda moja kwa moja shambani.

Maelekezo yanayopatikana yanagongana. Huyu anasema weka sukari guru sawa kwa sawa na samaki, yule anasema molasi kidogo inatosha. Huyu anasema loweka mbegu usiku kucha kwenye mchanganyiko wa 1 kwa 10, yule anasema 1 kwa 1000. Tofauti hiyo ni mara mia, haiwezekani wote wawe sahihi.

Ninachotaka kujua: je, mbolea hii inasaidia kweli mbegu kuota, au kazi yake inaanza baadaye? Inatengenezwaje kwa vipimo, na nitajuaje kwamba imeiva na haitaunguza miche? Na kwa nini nyingine zinanuka uozo mpaka majirani wanalalamika wakati nyingine zina harufu ya uchachu tu?

---

Fundi Kitalu

Mkuu, tuanze na mbegu kabla hatujafika kwenye ndoo, maana wengi hupotea hapo.

Mbegu inapoota haili mbolea. Chakula cha siku za mwanzo kimo ndani yake yenyewe: wanga, mafuta na protini. Inachotaka kutoka nje ni maji, oksijeni na joto linaloifaa, basi. Nyanya na hoho huota vizuri zaidi kwenye nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Mbegu ya hoho iliyokaa kwenye udongo wa nyuzi 16 itachelewa hata ukiimwagia mbolea ya aina gani. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbolea ya samaki "inaamsha" mbegu, muulize kwanza joto la trei lilikuwa ngapi na kama alilinganisha na maji matupu.

Kuloweka kunasaidia, hilo ni kweli, ila sehemu kubwa ya msaada huo inatokana na maji. Ndani ya mbolea ya samaki kuna amino asidi na vipande vidogo vya protini ambavyo vinaweza kuupa mche nguvu ya mwanzo, hasa kwa mbegu iliyokaa ghalani muda mrefu. Lakini vinafanya hivyo vikiwa vimepunguzwa sana. Mbegu iliyokufa haifufuki.

Mchanganyiko ukiwa mkali, mambo mawili yanaharibika. Kwanza, maji yenye chumvi nyingi za virutubisho hayaingii kwenye mbegu kwa urahisi, kwa hiyo mbegu inakaa na kiu katikati ya maji. Pili, kuna sumu ya amonia. Mbolea iliyooza badala ya kuchachuka ina pH ya juu (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka uchachu unazidi), na pH ikipanda amonia inaachana na umbo lake lisilo na madhara makubwa na kuwa gesi inayopenya kwenye chembe za mzizi. Kwenye pH 7 gesi hiyo haifiki asilimia 1 ya amonia yote, kwenye pH 8 ni kama asilimia 5, kwenye pH 9 inazidi theluthi. Ndiyo maana lita ileile ya mbolea inaweza kulea miche au kuiua, kutegemea pH yake.

Kwa upande wa kuloweka, tumia 1 kwa 1000, yaani mililita 1 kwa lita moja ya maji. Nyanya na hoho saa 8 hadi 12, kabichi saa 4 hadi 6, chombo kikiwa wazi na maji yakizidi mbegu kidogo tu ili hewa ifike. Suuza kwa maji safi, sia hapohapo. Kunde usiziloweke kabisa. Mbegu kubwa za jamii ya kunde hunywa maji kwa pupa, ngozi inapasuka, chembe za ndani zinachanika na sukari inavuja nje. Sukari hiyo ndiyo inayoita ukungu wa udongoni. Zipande kavu kwenye udongo wenye unyevu, mbolea ije baadaye.

Na mbegu iliyopakwa dawa (utaiona ina rangi nyekundu, kijani au buluu) usiiloweke kwenye chochote. Utaiosha dawa yake na kubaki na maji yenye sumu mkononi.

Baada ya kusia, mwagilia maji matupu mpaka jani la kwanza halisi litokee. Trei yenye virutubisho vingi na unyevu mwingi kabla mche haujasimama ni karamu ya vimelea vya kinyausi: mche unanyongeka shingoni pale unapogusana na udongo na kulala chini, ukidhani umekosa maji kumbe umeoza.

---

Mchachushaji

Fundi Kitalu amemaliza upande wa mbegu, mimi nichukue upande wa ndoo.

Kinachotenganisha mbolea na uozo ni mwendo wa pH katika siku 3 za kwanza. Nyama ya samaki ina pH karibu 6.5 hadi 7, na bakteria wa uozo wanaipenda hapo. Tukiishusha haraka chini ya 4.5, wale wa uozo wanasimama, ikiwemo bakteria wa sumu ya botulizimu ambaye hakui chini ya pH 4.6. Vimeng'enya vya tumboni mwa samaki vyenyewe vinaendelea kufanya kazi, na vile vya tumbo la chakula vinapenda hasa uchachu. Hivyo ndivyo vinavyoyeyusha nyama kuwa maji. Kwa hiyo usitupe matumbo, na usichemshe. Ukichemsha umeua vimeng'enya na nyama itakaa vilevile miezi.

Wa kushusha pH ni bakteria wa maziwa mgando. Shida ni kwamba samaki hana sukari, na bakteria hao bila sukari hawatengenezi asidi. Ndiyo sababu ya molasi.

Vipimo kwa kilo 10 za masalia:

- molasi kilo 1.5 (sukari guru iliyoyeyushwa kilo 1 inafaa pia)
- maji ya mtindi lita 1
- maji yasiyo na klorini lita 2

Maji ya mtindi ni yale ya kijani-njano yanayojitenga ukichuja maziwa mgando kwa kitambaa safi. Mtindi uwe hai, haujapashwa moto baada ya kuganda. Siku moja kabla, changanya maji hayo na gramu 100 za molasi kutoka kwenye ile kilo 1.5, acha mahali pa joto. Kesho yake yatakuwa na mapovu madogo na harufu ya uchachu; hicho ndicho kianzio. Maji ya bomba yaache wazi usiku kucha klorini itoke. Kuna mitambo inayotumia kloramini ambayo haitoki kwa kuachwa. Kwa hiyo kama una maji ya mvua, tumia hayo.

Saga masalia. Kama una mashine ya kusagia nyama vizuri sana, kama huna tumia panga na kinu mpaka hakuna kipande kinachozidi ncha ya kidole. Hapa msifanye mchezo. Kichwa kizima kinachachuka nje na kuoza ndani kwa sababu asidi haifiki katikati kwa wakati, na kichwa kimoja kinatosha kunukisha ndoo nzima. Toa nyongo? Hakuna haja.

Changanya samaki na molasi kwanza, koroga mpaka kila kipande kimepakwa, ndipo umimine maji na kile kianzio. Tia kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, ya lita 20, isizidi robo tatu kwa sababu itafura. Usitumie chombo cha bati wala chuma, asidi inakila na kutia madini kwenye mbolea yako.

Mfuniko utobolewe, upitishwe mpira mwembamba, ncha ya nje izame kwenye chupa ya maji. Gesi inatoka, hewa na nzi hawaingii. Bila mpira, funga na uwe unalegeza mfuniko asubuhi na jioni kwa siku 7 za mwanzo. Kamwe usitumie chupa ya kioo iliyofungwa.

Joto zuri ni nyuzi 25 hadi 35. Koroga mara moja kwa siku kwa siku 3, ukiwahi kufunga. Pima pH kwa karatasi za kupimia, zile za kati ya 3 na 6 zinasomeka vizuri kuliko zile za 1 hadi 14. Mwisho wa siku ya 3 iwe imefika 4.5 au chini. Kisha iache wiki 3 hadi 4. Imeiva ukiona miiba imebaki mitupu chini, katikati kuna maji ya kahawia yanayotiririka, na juu utando wa mafuta.

Mafuta hayo yatoe. Yakibaki yanaziba pua ya pampu, yanaganda juu ya udongo na kuzuia maji, yanachacha na kuita panya. Njia rahisi ni kutoboa utando kwa mpira na kuvuta maji ya katikati kwenda chombo kingine, ukiacha mafuta juu na mashapo chini. Chuja kwa chekeche la chai kisha kitambaa. Hifadhi kwenye madumu gizani, na kila mwezi pima pH. Ikibaki chini ya 4.5 mbolea ni salama kwa miezi mingi.

---

Sukari Guru

Naomba niitetee ile njia ya sawa kwa sawa, maana inasemwa kama upotevu mtupu. Ni njia ya kilimo asilia cha Korea, iliyoenezwa na Cho Han-kyu, na inafanya kazi kwa sababu tofauti kabisa. Kilo 10 za samaki na kilo 10 za sukari guru: sukari nyingi hivyo inavuta maji yote kutoka kwenye nyama na kuwanyima bakteria wa uozo maji ya kuishi, kama nyama inavyohifadhiwa kwa chumvi. Haihitaji maji ya mtindi wala maji ya kuongeza. Unapanga tabaka la samaki, tabaka la sukari, juu kabisa sukari ya unene wa vidole viwili, unafunika kwa kitambaa kizito kilichobana na kuweka kivulini. Inachukua miezi 3 hadi 6 kuiva vizuri. Harufu yake ni tulivu kuliko ya njia ya mtindi, jambo la maana kwa mtu mwenye majirani.

Lakini kwenye hesabu njia ya Mchachushaji inashinda: kwa mtu mwenye kilo 10 kila mkupuo, sukari hiyo ni gharama kubwa kwa nitrojeni ileile. Na ikipunguzwa nusu ili kubana matumizi, inakuwa mbaya kuliko njia zote mbili, maana sukari haitoshi kukausha, na hujaweka bakteria wa kuchachusha.

Nije kwenye swali la 1 kwa 10. Tuipige hesabu badala ya kubishana. Masalia ya samaki yana protini kama asilimia 15, na protini ukiigawa kwa 6.25 unapata nitrojeni, yaani gramu 240 hivi katika kilo 10. Nyingine inabaki kwenye magamba na miiba, tuseme zinazoingia kwenye maji ni 200. Mchanganyiko mzima wa Mchachushaji una kilo 14.5, kwa hiyo nitrojeni ni karibu asilimia 1.4.

Sasa punguza. Kwa 1 kwa 10 unapata zaidi ya miligramu 1200 za nitrojeni kwa lita. Kwa 1 kwa 200 (mililita 5 kwa lita) ni 70. Kwa 1 kwa 500 ni 28, na kwa 1 kwa 1000 ni 14. Mche mchanga wa trei unaridhika na miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Kwa hiyo 1 kwa 10 ni zaidi ya mara kumi ya kiwango cha juu cha mche, achilia mbali mbegu. Hata uchachu wenyewe kwa ukali huo unatosha kuzuia mzizi kutoka.

Ratiba ninayoipendekeza: jani la kwanza halisi likitokea, 1 kwa 500 mara moja kwa wiki. Majani halisi yakifika mawili au matatu, 1 kwa 200 kwa wiki. Mwagia chini asubuhi, kisha pitisha maji matupu juu ya majani.

Jambo moja kuhusu makumbi ya nazi. Nitrojeni ya samaki nyingi imo ndani ya protini, na mche hauwezi kuichukua vizuri mpaka vijidudu vya udongo viivunje. Makumbi mapya yana vijidudu vichache vya kazi hiyo. Changanya mboji iliyoiva na kuchekechwa, asilimia 10 hadi 20 ya ujazo. Bila hivyo utamwagia mbolea wiki mbili na miche itabaki ya njano, utaongeza kipimo, halafu amonia itakusanyika na mizizi kuungua.

---

Mpanda Trei

Asanteni sana, nimeelewa sasa kwamba 1 kwa 10 ni ya kuachana nayo. Naomba niulize zaidi.

Ikitokea siku ya 3 imefika na pH bado iko 5 na kitu, mchanganyiko unaokolewaje? Utando mweupe juu unamaanisha nini? Na wakipatikana samaki wa baharini, chumvi yao ni tatizo? Pia kuna wanaosema ongeza majivu kwa ajili ya potasiamu kwa kuwa samaki hana potasiamu ya kutosha.

---

Mchachushaji

pH ikigoma juu ya 5, sababu huwa mojawapo ya hizi: sukari imepungua, kianzio kilikuwa kimekufa, kuna baridi, au miiba ni mingi. Hiyo ya miiba watu hawaijui. Mfupa ni kalsiamu na fosfeti, na unameza asidi unapoyeyuka. Masalia yaliyo vichwa na miiba mitupu yanaweza kuhitaji molasi kilo 2 au zaidi kwa kilo 10.

Kuokoa: nusa kwanza. Kama harufu ni ya samaki na uchachu, ongeza molasi nusu kilo na maji mapya ya mtindi nusu lita, koroga, peleka mahali pa joto, pima baada ya saa 24. Ikianza kushuka hata kwa 0.3, iko njiani. Kama harufu ni ya yai viza, au inachoma macho kama mkojo wa zizi, pH utaikuta 6 kwenda juu na hapo hakuna kuokoa. Usiiname juu ya pipa hilo ukiwa chumba kilichofungwa, ile gesi ya yai viza ni sumu. Ifukie katikati ya lundo la mboji pamoja na unga wa mbao mara tatu ya ujazo wake, funika kwa unga mkavu wa mbao unene wa sentimita 20 na zaidi. Lundo likifika nyuzi 55 na kukaa hapo siku kadhaa, limekuwa mboji nzuri tu.

Utando mweupe mwembamba usio na manyoya ni hamira ya mwituni inayokula sukari juu penye hewa. Ondoa kwa kijiko, angalia mfuniko unavuja wapi. Ukiacha muda mrefu hamira hiyo inakula asidi pia na pH inapanda tena. Ukungu wenye manyoya, wa kijani au mweusi, pima pH. Chini ya 4.5 uondoe na tabaka la chini yake, juu ya hapo lote liende kwenye mboji. Ukiona funza, nzi ameingia kabla hujafunga.

Samaki wa baharini mwenyewe hana chumvi ya kutisha. Nyama yake haina chumvi kama maji anayoogelea. Chumvi inakuja na maji ya bahari yaliyobaki kwenye matamvua, au barafu iliyoyeyuka kwenye sanduku. Suuza mara moja, chuja, endelea. Samaki wa ng'onda au waliotiwa chumvi waache kabisa, hata kwa kuloweka chumvi haitoki ya kutosha kwa kitalu.

Majivu: potasiamu yamo kweli, na samaki kweli anayo kidogo. Lakini majivu yana pH ya 10 na zaidi. Ukiyatia kwenye dumu la mbolea umeigeuza amonia yote kuwa gesi kwa dakika chache. Utaisikia puani, na hiyo ni nitrojeni yako inaondoka. Chokaa ni vivyo hivyo. Majivu yachanganye kwenye udongo wa shamba wiki mbili kabla ya kupandikiza. Trei zisiguswe na majivu.

---

Asidi Fomiki

Kwa wenye masalia mengi na wasio na molasi kuna njia ya asidi ya fomiki, nayo niitaje kwa uangalifu wake. Asidi ya asilimia 85, gramu 30 hadi 35 kwa kilo ya samaki aliyesagwa. Kwa kilo 10 ni gramu 300, ambazo ni mililita 250 hivi kwa sababu asidi hiyo ni nzito kuliko maji. Imimine kidogo kidogo juu ya samaki huku ukikoroga kwa mti, pH ishuke chini ya 4 siku hiyohiyo. Ikorogwe mara kadhaa kwa siku siku za mwanzo. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 inayeyuka ndani ya siku chache hadi wiki moja au mbili.

Asidi hii inababua ngozi na mvuke wake unaumiza mapafu. Glavu za mpira, miwani ya kufunika macho, mahali pa wazi, na ndoo ya maji safi pembeni. Na kwa kazi uliyoiuliza wewe ndugu, si chaguo langu la kwanza: fomiki yenyewe inazuia mbegu kuota hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mbolea yake iwe ya miche mikubwa na shambani, isitumike kuloweka.

Nyongeza: njia yoyote mtakayotumia, msiloweke wala kumwagilia nayo mbegu za machipukizi yanayoliwa mabichi. Joto na unyevu wa kuoteshea machipukizi vinakuza bakteria wa kuharisha, na protini ya samaki inawalisha.

---

Fundi Kitalu

Hakuna aliyejibu swali la "nitajuaje haitaunguza". pH nzuri haitoshi, lazima mbegu zenyewe ziulizwe.

Chukua visahani 5 vyenye vifuniko, tandika karatasi ya kufutia jikoni au ya kuchujia, mbegu 25 za kabichi kila kimoja. Kabichi inafaa kwa sababu inaota upesi na mzizi wake hauvumilii sumu. Weka mililita 5 za kimiminika kwa kisahani cha upana wa sentimita 9: kimoja maji matupu, vingine 1 kwa 1000, 1 kwa 500, 1 kwa 200, na cha mwisho 1 kwa 50 kwa makusudi, ili uone uharibifu unafananaje. Karatasi iwe mbichi lakini isielee, mbegu zikizama zitakosa hewa na utalaumu mbolea bure. Gizani, nyuzi 25, siku 4.

Hesabu zilizoota, na upime kila mzizi kwa rula. Usiishie kwenye hesabu ya zilizoota, kwa sababu mzizi unafupika mapema sana kabla idadi haijaanza kushuka. Ncha ya mzizi ikiwa ya kahawia, butu, bila vile vinyweleo vyeupe, tayari kuna tatizo hata kama mbegu zote zimeota.

Zidisha idadi iliyoota kwa wastani wa urefu wa mzizi, gawa kwa jibu la kisahani cha maji, zidisha kwa 100. Mfano: kwenye maji zimeota 22, mzizi milimita 30, jumla 660. Kwenye 1 kwa 500 zimeota 22, mzizi milimita 29, jumla 638, jibu ni 97. Kwenye 1 kwa 50 zimeota 15, mzizi milimita 11, jumla 165, jibu ni 25. Kipimo hiki kilianza kutumika kwa mboji tangu miaka ya 1980 na Zucconi na wenzake: zaidi ya 80 hakuna sumu ya kuhofia, chini ya 50 ni sumu kali. Ukipata 110 au 120, hapo ndipo una haki ya kusema mbolea yako imesaidia mbegu zaidi ya maji.

Kama una kipimo cha EC (kinachopima chumvi zilizo kwenye maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme), maji unayomwagia trei yenye mbegu yasizidi 1 millisiemens kwa sentimita, ukijumlisha na chumvi iliyokuwemo kwenye maji yenyewe kabla hujaongeza mbolea. Maji ya kisima mengine yanafika hapo yakiwa matupu.

Fanya jaribio hili kwa kila dumu jipya, maana hakuna mikupuo miwili ya masalia inayofanana: leo vichwa vingi, kesho matumbo. 1 kwa 500 ikileta chini ya 80, shuka hadi 1 kwa 1000 kwa miche, na usilowekee mbegu. 1 kwa 1000 nayo ikishindwa, dumu hilo liende kwenye lundo la mboji.